Maina au masomo ya hiari? Ulinganisho kwa anayesomea fedha Marekani

Usajili wa muhula ukikaribia, Oktoba na Machi hivi, simu yangu haikosi ujumbe wa sauti wa namna hii: "Kaka, shikamoo. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Nichukue maina ya uchumi au nijichagulie tu masomo ya hiari?" Wanaouliza ni watoto wa ndugu, watoto wa marafiki, na wengine nisiowajua waliopewa namba yangu harusini. Wote wanasomea fedha katika vyuo vya Marekani, ambako maina (minor) ni fani ndogo unayoisoma pembeni ya fani kuu, na masomo ya hiari ni yale unayojichagulia mwenyewe. Na wote nawajibu kwa swali: umebakiza viti vingapi?

Viti ndiyo hesabu yenyewe. Shahada ya kwanza huko kwa kawaida ni krediti 120, na somo moja mara nyingi ni krediti 3, kwa hiyo tunazungumzia masomo kama 40. Toa masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima ayapitie: uandishi, sayansi, historia na wenzao. Toa msingi wa kitivo cha biashara: uhasibu wa mwanzo, uchumi mdogo na uchumi mpana, takwimu, masoko, sheria ya biashara. Toa masomo ya fedha yenyewe. Kwenye vyuo vingi utabakiwa na nafasi tatu hadi sita za kujichagulia, na hizo ndizo viti. Maina inataka krediti 15 hadi 18, ambayo ni masomo matano au sita.

Unaona basi kwamba vyote viwili vinagombea viti vilevile. Maina ni masomo ya hiari ambayo idara fulani imekuchagulia, ikayafunga kamba moja na kuyapa jina. Jina hilo huandikwa kwenye transkripti, ile orodha rasmi ya masomo na alama zako. Kwenye cheti cha kutundika ukutani, vyuo vingi hawaliandiki. Ukinunua jina, unalipa kwa uhuru wa kuchagua. Kama bei hiyo inafaa au haifai, inategemea mambo ambayo mshauri wa masomo mwenye wanafunzi 300 hana muda wa kukueleza kwa dakika kumi na tano.

Jina linapofanya kazi

Nianze na ubora wa maina, maana wakubwa wengi tulioko kazini tunaikejeli bila kuitendea haki.

Benki za uwekezaji za New York siku hizi huajiri vijana wa fildi ya kiangazi, yaani mafunzo kazini ya likizo, mapema mno. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaomba nafasi ya kiangazi kinachofuata mwaka wake wa tatu. Wakati huo CV yake ina nini? Masomo ya jumla, uhasibu wa mwanzo, labda somo moja la fedha. Somo zuri la hiari atakalolichukua mwaka wa nne bado halipo, na hawezi kuandika asichokisoma. Ila maina ukishaitangaza rasmi unaweza kuiandika: shahada ya fedha, maina ya takwimu, anatarajia kuhitimu Mei ya mwaka fulani. Ni mstari mmoja tu, lakini unamwambia msomaji wa CV kwamba huyu haogopi namba, na unamwambia kabla hujasoma hata robo ya masomo yenyewe. Kwa anayekimbilia ajira za aina hiyo, mstari huo una thamani.

Faida nyingine ni mlango. Idara nyingi hufungulia masomo yao ya juu wanafunzi wao kwanza. Mtu wa fedha anayetaka somo la regresheni (njia ya takwimu ya kupima jambo moja linavyohusiana na mengine) au la kanzidata husubiri mpaka wenye nyumba washibe, na mara nyingi akifika sahani iko tupu. Ukiwa umetangaza maina yao, unahesabiwa kama mgeni mwenye kadi.

Wapo pia ambao bila kamba hawatembei. Ukijijua kwamba ukiachiwa uhuru utachagua somo kwa kuwa halina mtihani wa mwisho na linaanza saa tano asubuhi, chukua maina, usijidanganye.

Maina nusu haina jina

Upande huu nina kovu langu mwenyewe.

Mwanzo wa mwaka wa tatu nilitangaza maina ya sayansi ya kompyuta. Masomo sita. Sikuangalia mpangilio wake: programu ya kwanza, kisha ya pili, hesabu za diskriti, miundo ya data, halafu mawili ya juu. Kila somo lilikuwa ufunguo wa linalofuata, kama nyumba ya Kiswahili ambayo hufiki uani mpaka upite ukumbini. Mwaka wa nne, somo la tano likawa linafundishwa muhula mmoja tu, tena saa ileile ya somo la lazima la fedha ambalo bila hilo sihitimu. Mshauri alitazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akatazama tena kioo. Akasema pole.

Nikahitimu na masomo manne kati ya sita. Transkripti yangu haisemi lolote kuhusu kompyuta zaidi ya kuorodhesha masomo hayo manne katikati ya mengine. Chuo hakitoi theluthi mbili ya maina.

Elimu yenyewe haikupotea, nisizue. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu nilijua kuandika programu za lugha ya Python za kusafisha mafaili ya mikopo, na hakuna aliyeuliza kama nilikuwa na maina. Kilichonipotea ni kiti. Hesabu za diskriti nilizisoma kwa ajili ya kamba ile tu. Kama tangu mwanzo ningejua nachukua masomo ya hiari, ningesoma matatu ya programu, na kiti cha nne ningekipa hatifungani, somo ambalo baadaye nilijifundisha usiku kwa miezi, nikiwa kazini, macho mekundu.

Kwa hiyo kabla hujatangaza maina yoyote, chora mnyororo wake kwenye karatasi: somo gani linafungua lipi, na lipi linafundishwa muhula upi. Mnyororo mfupi, kama wa uchumi, unasamehe makosa. Mnyororo mrefu ukiuanza mwaka wa tatu, ukifeli somo moja umekwisha. Ongeza na hili: vyuo vingi hukubali somo la hiari ulisome kwa alama ya kufaulu au kufeli tu, bila kugusa wastani wako. Somo la maina kwa kawaida hulisomi hivyo. Wanataka alama kamili, na mara nyingi C au zaidi.

Kama uko kwa viza ya F-1

Hapa ndipo ninapowaona watu wakipotea wazi wazi, na wakati mwingine waliowapoteza ni wenzao waliotangulia.

Ukihitimu na F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, unapata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani yako, ile inayoitwa OPT. Waliosomea fani zilizo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu wanaweza kuongezewa miezi 24. Fedha ya kawaida haimo kwenye orodha hiyo. Basi kijana anajiwazia: nitachukua maina ya kompyuta au ya takwimu, nayo imo, nitapata miezi yangu 36.

Haupati. Nyongeza hiyo hutazama fani kuu, maina haihesabiki. Na hata ile miezi 12 ya mwanzo, kazi lazima ihusiane moja kwa moja na fani kuu. Mwenye shahada ya fedha na maina ya kompyuta hawezi kwenda kufanya kazi ya kutengeneza programu za simu akajitetea kwa maina.

Chukua fomu yako ya I-20, ile uliyopewa na chuo kwa ajili ya viza, ukurasa wa kwanza. Utaona fani kuu ya kwanza na namba mbele yake. Ikiwa ni 52.0801, hiyo ni fedha ya jumla. Chini yake kuna nafasi ya fani kuu ya pili, na kwa wengi imejaa sufuri. Nafasi hizo mbili ndizo zenye uzito. Vyuo vingine vina shahada ya fedha ya kihesabu, ya uchanganuzi wa fedha, au ya uchumi wa kitakwimu, ambazo zimesajiliwa kwa namba zilizomo kwenye orodha. Uchanganuzi wa fedha uliongezwa Januari 2022 pamoja na fani nyingine 21. Kama lengo lako ni miezi ile 24, swali la maina au hiari si swali lako. Swali lako ni kubadili fani kuu au kuongeza ya pili, na linaulizwa mwaka wa kwanza au wa pili, kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Jambo dogo lakini linauma: kila muhula unatakiwa kuwa na krediti 12, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, krediti 3, linalohesabiwa. Maina ambazo masomo yake mengi yamehamia mtandaoni zinaweza kukubana hapo. Wala usitegemee kwamba I-20 itaongezwa muda kwa kuwa hujamaliza maina.

Kama unasomeshwa kwa msaada wa serikali

Hili linawahusu zaidi vijana wa familia za wakimbizi na wenye kadi ya kijani, na wazungumzaji wa Kiswahili wa aina hiyo Marekani ni wengi, hasa waliotoka Kongo wakapitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wao hawana shida ya OPT. Wana ya kwao.

Msaada wa serikali kuu hulipia masomo yanayohesabika kwenye shahada yako. Nafasi za hiari zikiwa bado wazi, somo lolote linalozijaza linahesabika, liwe la maina au la. Zikishajaa, somo la ziada la maina linaweza kuachwa nje ya hesabu ya msaada, na bili ikaja kwako. Ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka 2025–26 inafika dola 7,395, ina ukomo wa maisha ulio sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Muhula mmoja wa kufukuzia maina unakula humo humo.

Wengi wao pia wameanzia vyuo vya jamii, miaka miwili, kisha wakahamia chuo kikuu. Uamuzi mzuri wa pesa. Lakini krediti zinapohamishwa, zile zisizolingana na somo lolote la chuo kipya hutupwa kwenye kapu la hiari. Unaingia mwaka wa tatu unadhani una viti vitano, kumbe vimekaliwa na somo la afya ya jamii na la kupiga picha ulilosoma ukiwa na miaka 18. Ndiyo maana nauliza viti kwanza. Fungua ukurasa wa ukaguzi wa shahada yako, ule wenye miraba ya kijani na myekundu, uhesabu kwa kidole.

Maina ipi, kwa mtu wa fedha

Uchumi ndiyo nafuu kuliko zote, kwa kuwa uchumi mdogo na uchumi mpana umeshavisoma kwa lazima. Chuo kikikuruhusu kuvihesabu mara mbili, unabakiza matatu au manne. Uliza kwanza, kwani vyuo vingine huweka ukomo. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu wa fedha anayo, haimshangazi mtu.

Uhasibu una sura mbili. Kwa anayetaka kuwa mchambuzi wa mikopo au wa hisa, uhasibu wa kati, wa kwanza na wa pili, ni dhahabu. Kwa anayewaza CPA, leseni ya uhasibu ya Marekani, maina peke yake kwa kawaida haitoshi: majimbo yanahesabu krediti za uhasibu, na maina huishia chini ya kinachotakiwa. Kwa miaka mingi walidai pia jumla ya krediti 150. Sasa yapo yanayofungua njia ya shahada ya kawaida pamoja na miaka miwili ya kazi, Ohio ikiwa ya mbele kwa sheria iliyosainiwa Januari 2025. Soma masharti ya jimbo lako kabla ya kusoma ya idara.

Takwimu ndiyo ninayoipenda. Mnyororo wake ni wa wastani, na regresheni ukiielewa vizuri hata mkubwa wako kazini atakuja mezani kwako kuuliza. Kompyuta nimeshaisema. Bima na majengo, kama unajua kabisa unakwenda huko, sawa.

Lugha? Wapo wanaoniuliza kwa aibu kama wachukue Kiswahili wapate A ya bure. Mtoto wa Tanga kukaa darasa la "jina lako nani" si jambo zuri, na mwalimu akikusikia ukisema "marahaba" siku ya kwanza atakutoa. Heri uulize kama chuo chako kinatoa krediti kwa mtihani wa lugha. Ile mitihani ya CLEP, inayokupa krediti bila kukaa darasani, kwa upande wa lugha ina Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu, kwa hiyo waliotoka Kongo na Kifaransa chao wana bahati hapo. Kifaransa kikikupa krediti, kumbuka kwamba krediti hizo nazo zinatafuta kiti.

Masomo ya hiari yanapoishinda maina

Usaili wa kazi za fedha una swali la kale ambalo halijazeeka: uchakavu wa mali ukiongezeka kwa dola 10, nini kinatokea kwenye taarifa zote tatu?

Jibu linakwenda hivi. Kwenye taarifa ya mapato, faida kabla ya kodi inashuka dola 10. Kodi ya makampuni Marekani ni asilimia 21, hivyo kodi inapungua 2.10 na faida halisi inashuka 7.90. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hiyo 7.90 ya kushuka, unarudisha 10 kwa kuwa uchakavu haukutoa hata senti mfukoni, na fedha taslimu inapanda 2.10. Kwenye mizania, fedha imepanda 2.10, mitambo imeshuka 10, mali zote zimeshuka 7.90, upande wa pili, faida iliyolimbikizwa imeshuka 7.90. Pande mbili zimelingana.

Nimekaa upande wa muuliza swali. Nimewaona wenye maina mbili wakiganda kwenye hatua ya kurudisha ile 10, na nimemwona binti asiye na maina yoyote akilimaliza bila kalamu. Alikuwa amesoma somo moja la hiari, uchambuzi wa taarifa za fedha, kwa mwalimu aliyewatesa kwa hesabu za kampuni halisi kila wiki.

Anayewaza CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ana sababu nyingine ya kutazama somo moja moja. Mtihani wa ngazi ya kwanza unaweza kuufanya ukiwa umebakiza miezi 23 au chini kabla ya kuhitimu. Humo uchambuzi wa taarifa za fedha, hisa na hatifungani, kila kimoja hubeba asilimia 11 hadi 14. Uchumi hubeba 6 hadi 9. Viti vitatu vya hiari vilivyochaguliwa vizuri vinagusa theluthi ya mtihani. Maina nzima ya uchumi, masomo matano, inagusa kipande kidogo. Ni hesabu ya kibandani, najua, lakini ina ukweli wake.

Kama chuo chako kina somo ambalo wanafunzi wanasimamia mfuko halisi wa uwekezaji, wenye pesa za kweli za chuo, usiulize maina. Omba hilo. Mara nyingi linachukua mihula miwili na linataka uwe umeshasoma hisa. Ukiweza kusimulia hisa moja uliyoipendekeza, kamati ikakupinga, na miezi sita baadaye ikawaje, umepata mazungumzo ya dakika ishirini ambayo maina haiwezi kukupa.

Waliouliza mwaka huu

Wa kwanza, kijana wa Mwanza, F-1, mwaka wa pili, viti sita, alitaka maina ya kompyuta kwa ajili ya miezi 24. Nilimpeleka ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na sasa anaangalia kuhamia uchanganuzi wa fedha. Maina tumeiacha.

Wa pili alikuwa mwaka wa nne, viti vitatu, anaogopa CV yake imekaa uchi. Kwake hakukuwa na hesabu ya kufanya. Uchambuzi wa taarifa za fedha, hatifungani, na somo la kutengeneza modeli kwenye Excel. CV inaweza kubeba mstari wa "masomo teule" vizuri tu.

Wa tatu ni binti wa familia ya Bukavu, amehamia kutoka chuo cha jamii, ana viti vinne na hajui anachotaka. Huyu nilimwambia asiamue. Achague masomo mawili yanayofaa pande zote: regresheni ya utangulizi, ambayo ni lango la maina ya takwimu na pia somo zuri lenyewe, na uhasibu wa kati wa kwanza. Chuo chake kinakubali maina itangazwe hata mwishoni mwa mwaka wa tatu, na maina ya takwimu pale inahesabu masomo mawili ya takwimu ya biashara aliyokwisha kusoma. Akiipenda regresheni, viti viwili vilivyobaki vinamalizia. Akiichukia, amepoteza muhula mmoja wa Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, na bado anajua kusoma jedwali la matokeo.

Alinitumia ujumbe juzi. Regresheni imejaa; yuko wa nne kwenye foleni ya kusubiri. Nimemwambia aende darasani siku ya kwanza hivyo hivyo, akae mbele.